Picha Haina Kitu

Jumapili ile Kitheka aliinua picha ya eksirei juu ya kichwa chake, mbele ya kanisa zima, akaielekeza dirishani ili mwanga upite. Ilikuwa picha ya goti la binti yake, Mumbua. Watu wa viti vya mbele walinyoosha shingo waone, ingawa hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma picha ya mfupa. Kitheka alikuwa shemasi, na sauti yake ilikwisha kuzoea kipaza sauti. Alisema mtoto alianguka uwanjani siku ya Alhamisi, goti likavimba mpaka likawa halikunjiki. Wakafunga, wakaomba, na Ijumaa daktari akaagiza picha, na picha haina kitu. Haleluya zikapaa, na mama mmoja akaanzisha wimbo.

Mkewe, Ndinda, alikuwa amesimama kando yake akipiga makofi pamoja na wengine. Hilo hajajisamehe mpaka leo. Alipiga makofi ilhali mtoto ameketi mwisho wa benchi, mguu ameunyoosha kwenye njia ya katikati, uso umemkauka, na kila anayepita anauruka mguu huo bila hata kuangalia ni wa nani.

Baada ya ibada watu walimzunguka Mumbua. Wakamtaka asimame, atembee, ampe Mungu sifa. Akasimama. Alikwenda hatua nne hivi, goti likacheza, akadaka ukuta. Mzee mmoja wa kanisa akamwambia Kitheka, kwa sauti ya chini ambayo kila mtu aliisikia, kwamba msichana huyu aombewe pia roho ya uvivu imtoke.

Kitheka aliikunjua bahasha, akairudisha picha ndani taratibu, akaibana kwapani na Biblia yake.

* * *

Goti lenyewe liliumia hivi. Mumbua alikuwa kidato cha nne, mchezaji wa pembeni, mwenye mbio ambazo hata wavulana wa shule walizinung'unikia. Siku ya mechi hakuna aliyemgusa. Alikuwa anakimbia na mpira, akakita mguu wa kulia chini, akageuka ghafla ili ampite beki, na mwili ukageuka lakini mguu ukabaki. Alisikia mlio ndani ya goti, tak, akaanguka. Mwalimu wa michezo, Kitonga, alikuja na chupa yake ya kupulizia dawa baridi, akalipuliza goti, akalifunga bendeji, na kipindi cha pili akamrudisha uwanjani kwa sababu timu ilikuwa inaongoza bao moja na kulikuwa na nafasi ya kwenda ngazi ya mkoa. Alidumu dakika chache. Goti lilimwachia alipojaribu kugeuka tena, na safari hii wakambeba. Kufikia jua kuzama lilikuwa limejaa, limekaza na lina joto.

Ijumaa asubuhi Ndinda akampeleka kliniki ya Nyamai. Nyamai alisomea utabibu, si udaktari, lakini kwa watu wa soko kila aliyevaa koti jeupe ni daktari, na yeye hakuwahi kumsahihisha mtu. Alikuwa nyuma ya meza. Aliuliza goti ni la kulia au la kushoto, akaandika. Mumbua alikuwa na mambo matatu ya kusema na alikuwa ameyapanga tangu alfajiri: kwamba alisikia mlio, kwamba goti lilivimba siku ile ile kabla hajafika nyumbani, na kwamba akikanyaga ni kama mfupa unataka kutoka mahali pake. Alifika la kwanza tu.

"Msichana," Nyamai akasema bila kuinua macho, "ngoja nikuulize."

Hakumuuliza. Akamtuma chumba cha pili wakapige picha, na picha ilipokuja akaiinua kwenye balbu, akaikodolea macho kwa muda usiozidi wa kupiga chafya. Akasema mfupa uko sawa, hakuna mahali palipovunjika, ni kuteguka kidogo. Akaandika vidonge vya maumivu na kuagiza goti likandwe kwa maji moto. Hakuinuka kitini. Hakuligusa goti la mtoto, la kulia wala la kushoto.

Sasa sikilizeni mama huyu alikuwa nani. Ndinda alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi soko la Ikutha kwa miaka kumi na sita, na hakuwahi kumlipia mtu mbuzi yeyote kabla ya kumpapasa miguu yote minne. Alikuwa akimkunja goti moja moja, akimsukuma kiungo huku na huku, akiuliza huyu alianguka lini, alichechemea siku ngapi, kisha amwachilie atembee. Madalali walimcheka kwamba anawaoa mbuzi. Mwanamke huyo ndiye aliyesimama mbele ya meza ya Nyamai siku ile, akapokea bahasha kwa mikono miwili, akasema, "Asante sana, daktari."

* * *

Baada ya ushuhuda wa kanisani, nyumba ya Kitheka iligeuka mahakama. Kila mara Mumbua akichechemea, baba yake aliona anafanywa mwongo mbele ya mkutano aliouhutubia. Hakupiga kelele, Kitheka si mtu wa kelele. Alikuwa akisema tu mezani, akiutazama ugali, kwamba wapo watu wanaoponywa na wanakataa uponyaji. Mumbua akaacha kula mezani.

Kitonga naye alifika na pikipiki mpaka mlangoni. Alileta habari kwamba timu moja ya wanawake ya Machakos itatuma mtu kutazama mechi za mkoa, na kwamba jina la Mumbua alishalitaja. Timu hiyo ilikuwa ikiwalipia wachezaji wake chuo. Kitheka alikuwa amekwisha mwambia binti yake kwamba baada ya kidato cha nne hana uwezo, na wote wawili walijua alisema kweli. Kwa hiyo chuo cha Mumbua kilikuwa ndani ya miguu yake, na Kitonga alikuja kuidai hiyo miguu. Alisema amezungumza na daktari kwa simu na ameambiwa picha haina kitu. Alilisema neno hilo mara tatu. Alipoondoka alimpiga Mumbua begani na kumwambia aache kudekeza mguu.

Jioni hiyo, kabla taa hazijawashwa, Mumbua alimfuata mama yake jikoni. Alivuta kigoda, akaketi, akauweka mguu mapajani mwa mama yake.

"Mama, mwaitu, shika hapa," akasema. "Shika uone vile inatoka."

Ndinda alikuwa akichambua maharagwe. Aliutazama mguu. Paja la kulia lilikuwa limekonda kuliko la kushoto, na hilo aliliona, kwa sababu jicho lake lilikuwa la kazi hiyo. Lakini alikuwa amechoka na maneno ya mumewe, alikuwa ameogopa kwamba nafasi ya Machakos itaponyoka, na juu ya yote alikuwa na bahasha yenye mhuri.

"Daktari ameshaona," akasema, na akauondoa mguu ule mapajani mwake kwa upole, akaendelea na maharagwe.

* * *

Ndinda alisema mwenyewe, akiwa na akili zake timamu, kwamba goti linataka kazi. Siku ya soko akamwamsha Mumbua wapeleke mbuzi kumi na mmoja. Walifika bila taabu kubwa, mtoto nyuma, fimbo mkononi, anachechemea. Langoni mwa soko beberu mmoja mweupe akashtuliwa na lori, akachomoka kundini. Mumbua alifanya kile ambacho mtoto aliyekulia kati ya mbuzi hufanya bila kufikiri: alikita mguu, akageuka kumkata njia.

Goti likatoka. Safari hii watu walisikia sauti ya mtoto, na hata waliozoea kusikia mbuzi wakichinjwa waligeuka. Alilala chini kwenye samadi, mguu umekunjika nusu, na ulikuwa haunyooki.

Watu wote wa soko wanamjua Ndinda, na watu wote walikuwa wanatazama, wakiwemo wawili wa kanisani. Aibu ilimpanda kabla ya huruma. Alisimama juu ya mwanawe na kusema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua:

"Amka. Picha haina kitu."

Mumbua alimtazama. Ndinda angependa kuchapwa viboko sokoni kuliko kutazamwa vile.

Aliyeingilia kati ni Hamud, mnunuzi wa mifugo ambaye familia yake ilitoka kaskazini na ambaye kwa miaka mingi alijaza lori lake kwa mbuzi wa Ndinda. Aliacha bei aliyokuwa akiipatanisha, akaja, akamwomba Ndinda asimwinue mtoto kwanza. Alichuchumaa mbali kidogo, kwa heshima, akamuuliza Mumbua kama siku ya kwanza alisikia mlio. Mumbua akaitikia kwa kichwa. Akamuuliza kama lilivimba siku ile ile. Akaitikia. Akamuuliza kama picha ilisema mfupa ni mzima.

"Mama Mumbua," Hamud akasema, "ndugu yangu alimaliza mwaka mzima na goti kama hii. Picha ilisema mzima. Picha ya mfupa haijui hii kitu. Iko dada mmoja Emali, wa mazoezi ya viungo. Yeye hushika na mkono. Gari yangu inaenda Emali saa nane."

Ndinda aliwaachia madalali mbuzi wake kumi, kitu ambacho hajawahi kufanya, na beberu mweupe akamfunga kwa jirani. Saa nane Mumbua aliketi mbele ya lori la Hamud, mguu umewekewa gunia, na hakumsemesha mama yake mpaka Emali.

* * *

Dada wa Emali aliitwa Yvonne. Chumba chake kilikuwa nyuma ya duka la dawa, kina kitanda kimoja na mipira mikubwa ya mazoezi, na yeye alionekana kijana sana hata Ndinda akakata tamaa mlangoni. Halafu Yvonne akavuta kiti mpaka kando ya kitanda, akaketi, akamwambia Mumbua aeleze tangu mwanzo, na akanyamaza.

Mumbua akaeleza. Alisema yale mambo matatu, moja baada ya jingine, na la nne la beberu. Yvonne alimkatiza mara moja tu, kumuuliza kama siku ya mechi aligongana na mtu.

Kisha akaanza na mguu mzima. Aliweka mkono mmoja juu ya goti la kushoto na mmoja chini yake, goti limekunjwa kidogo tu, akauvuta mguu wa chini kuja mbele. Akamgeukia Ndinda.

"Mama, leta vidole vyako hapa kwa ukingo. Unasikia? Unakuja kidogo halafu unagonga. Kuna kitu kimeushika."

Ndinda akasikia. Alikuwa na vidole vya kusikia.

Kwa goti la kulia Yvonne alingoja sana. Aliliinua juu ya mto, akazungumza na Mumbua habari za shule mpaka paja likalegea, kisha akavuta polepole. Mfupa ukaja. Ukaja tena. Haukugonga popote. Ndinda aliuhisi ukiteleza chini ya vidole vyake, akaondoa mkono kana kwamba ameungua.

Yvonne alieleza bila kujisifu. Ndani ya goti kuna kamba inayoshikanisha mfupa wa juu na wa chini, wao huiita ligamenti, na hiyo ya Mumbua kwa kila dalili imekatika. Mlio, uvimbe wa siku ile ile, goti kuachia mtu akigeuka, hayo matatu yakija pamoja yanatosha kumtia mtu shaka hata kabla hajalishika goti. Eksirei huonyesha mfupa, kamba haiioni. Kutonyooka kwa leo ni jambo jipya: huenda mto ulio katikati ya mifupa umeraruka na kipande kimejikwamisha, kwa hiyo ni lazima wapate skani kubwa na wamwone daktari wa upasuaji.

"Kule kwa kliniki, alimshika hivi?" akauliza.

"Hakumshika," Ndinda akasema.

"Hata kidogo?"

"Hakuinuka kwa kiti."

Yvonne alikaza midomo. Alisema siku za kwanza, goti likiwa limejaa na mtu amekaza misuli kwa maumivu, hata mwenye kujua anaweza kukosa kuligundua. Hilo si kosa. Ndiyo sababu mgonjwa huambiwa apumzishe mguu, asicheze, arudi baada ya siku kumi hivi ashikwe tena. "Mngeambiwa mrudi," akasema. "Hiyo tu."

Mumbua alikuwa amelala akitazama dari. "Nilisema," akasema. Hakuwa akimwambia Yvonne. "Nilisema yote. Hata jikoni nilisema."

Ndinda alitoka nje, akasimama kati ya malori, akalia kwa hasira. Alikuwa na hasira na Nyamai, na Kitonga, na mumewe, na haleluya zote za Jumapili ile. Lakini alipozipanga hasira zake zote mstari mmoja, aliyekuwa mbele ni yeye mwenyewe na sinia la maharagwe.

* * *

Skani ilifanyika Machakos mwezi wa tisa, na bei ya beberu mweupe na wenzake kumi ikaishia humo. Ikasema yale yale ambayo mikono ya Yvonne ilisema. Ligamenti imekatika kabisa, na mto wa ndani umeraruka. Daktari wa upasuaji alisema mpasuko wa mto ulionekana kuwa wa karibuni. Ndinda aliuliza wa lini, ingawa alijua tarehe na saa, na hata rangi ya mbuzi.

Timu ya Machakos ilichukua msichana mwingine. Kitonga hakuja tena na pikipiki. Mumbua alifanya mtihani wake wa mwisho akiwa na gongo, na foleni ya upasuaji ikamweka mwaka unaofuata.

Ndinda alimtaka mumewe arudi mbele ya kanisa aseme ukweli. Kitheka akauliza atawaambia nini watu.

"Waambie vile uliwaambia," Ndinda akajibu. "Inua na hii nyingine."

Hakuinua. Picha zote mbili zikawa chini ya godoro, na Kitheka akaanza kuketi viti vya nyuma. Ndinda naye akaacha kwenda, akasema atarudi siku atakapoweza kupiga makofi.

* * *

Desemba soko hufurika. Asubuhi moja Nyamai alikuja, bila koti jeupe, suruali imepigwa pasi, pamoja na kaka yake. Mwana wa Nyamai alikuwa anapeleka ntheo, wale mbuzi wa kwanza wa kufungua njia kwa wakwe, na kila Mkamba anajua kwamba beberu wa ntheo akifika kwa wakwe akichechemea, mwoaji atatajwa kwa kasoro hiyo mpaka ana wajukuu. Alipita kundi hadi kundi. Akamwona beberu mwekundu wa Ndinda, akasimama. Ndinda alimtambua mara moja, bali Nyamai hakumkumbuka.

Nyamai akachuchumaa, suruali nzuri vumbini. Akashika mguu wa mbele wa kulia wa beberu, akaukunja goti, akaunyoosha. Akakipapasa kiungo pande zote kwa kidole gumba. Akahamia mguu wa kushoto, akalinganisha. Akahamia ya nyuma. Alikuwa na mikono mizuri, mipole, isiyo na haraka, na Ndinda aliitazama kila kidole.

"Mama, huyu aliwahi kuanguka?" akauliza.

"Hapana."

"Hajawahi kuchechemea? Hata siku moja?"

"Hajawahi."

"Hebu mwachilie nimwone akitembea."

Ndinda akalegeza kamba. Beberu akatembea, akageuka, akarudi. Nyamai akaridhika, akachuchumaa tena kulishika goti la kwanza kwa mara ya pili, kwa uhakika tu, akaanza kusema bei.

"Daktari," Ndinda akasema. "Mbona huniulizi picha?"

"Picha gani?"

"Ya eksirei. Umemshika huyu miguu yote minne. Mwezi wa sita nilikuletea mtoto, na wewe ulishika karatasi."

Nyamai akainua uso. Nyuma ya Ndinda, juu ya kigoda, aliketi Mumbua na gongo lake. Hakuna aliyemwambia afanye lolote. Aliunyoosha mguu wa kulia mbele, taratibu, mpaka kisigino kikagusa vumbi karibu na kwato za beberu.

Wauzaji wa karibu walisogea waone. Nyamai alisema kwa sauti ndogo kwamba mambo kama hayo huzungumziwa kliniki. Kisha akapandisha bei. Kisha akaipandisha tena, juu kuliko mbuzi yeyote aliyeuzwa soko lile mwezi huo.

"Pesa sitaki," Ndinda akasema. "Mshike kwanza. Mshike vile umeshika mbuzi, uniambie hiyo goti iko na nini. Ukiniambia, chukua beberu bure."

Nyamai alilitazama goti, akawatazama watu. Mikono yake ilikuwa na vumbi na manyoya mekundu ya mbuzi. Alisimama, akaipangusa kwenye suruali, akaitia mfukoni.